Sauti Kutoka Mdomoni mwa Kisima

Kwenye faili la Baba Pacha, juu kabisa ya ukurasa wa tatu, mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu maneno manne: "Mgonjwa msumbufu. Haambiliki kabisa." Mpiga picha wa chumba cha CT aliyasoma akiwa amesimama, akayasoma tena, kisha akavuta kiti akaketi. Alijijua. Hasira ikimkuta wima humfanya aseme maneno ambayo kesho yake huitiwa kikao.

Mwandiko aliutambua. Ulikuwa wa mkuu wa kitengo, mtu mwenye saa mbili: moja mkononi na nyingine ukutani, na zote akiziangalia kwa zamu. Ni yeye aliyeweka utaratibu wa dakika kumi kwa kila mgonjwa: aingie, alale, apigwe picha, ashuke, atoke. Na ni yeye pia aliyempachika mpiga picha huyu jina la Redio. "Huyu dada," aliwaambia watu siku moja chumba cha chai, "ukimwasha hazimiki." Jina likakolea hata wafagizi wakalishika, na mwenyewe akalipokea bila kununa. Kati ya zile dakika kumi, alitumia nne kuongea, na alikuwa tayari kuzigombania mbele ya mtu yeyote.

Katika dakika hizo nne alimwambia mgonjwa kwamba mashine ile ni pete, siyo handaki. Kwamba kitanda kitasogea mbele na nyuma, na pete itavuma kama pangaboi bovu, lakini hakuna kitakachomgusa. Kwamba picha zinatoka vipande vipande vyembamba, kama mkate uliokatwa, ili daktari aone ndani bila kumpasua mtu. Na kama mgonjwa alikuwa wa kuchomwa ile dawa ya kung'arisha picha, Redio aliinama karibu na sikio lake akasema kwa sauti ya chini: "Utasikia joto. Litaanzia kooni, lishuke kifuani, lishuke mpaka chini, na utadhani umejikojolea. Hujajikojolea. Ni dawa inapita. Hesabu polepole mpaka thelathini, litakuwa limekwisha."

Maneno hayo hakuyapata darasani. Aliyapata kwa shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Shangazi huyo alipelekwa kupigwa picha kama hiyo, miaka mingi nyuma, kwenye hospitali ambayo watu walihesabiwa kwa namba za vitanda. Dawa ilipoingia alisikia joto, akaamini kwamba yeye, mama mtu mzima mwenye heshima zake, amejilowesha mbele ya vijana wa kiume. Hakuna aliyekuwa amemwambia neno. Alishuka kitandani, akajifunga mtandio kiunoni, akatoka kwa mlango wa nyuma, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena hospitali, si kwa majibu wala kwa matibabu. Ugonjwa ukamla taratibu nyumbani. Redio alikuja kuujua ukweli baadaye, akiwa mwanafunzi, katika mstari mmoja wa kitabu: hali hiyo ni ya kawaida na hupita ndani ya dakika moja. Alifunga kitabu akalia mpaka mlinzi wa maktaba akaja kumuuliza kama amefiwa. Alikuwa amefiwa kweli, kwa sababu ya sentensi moja ambayo mtu aliona uvivu kuisema.

Basi asubuhi hiyo alilifungua faili la Baba Pacha kwa utulivu na kulisoma lote. Kikohozi cha miezi mitano. Amekonda mpaka suruali inashikwa na kamba. Makohozi yamepimwa mara tatu, hayakuonyesha kitu. Picha ya CT, ingawa ilitoka na ukungu kwa sababu mgonjwa "alitikisika", ilionyesha uvimbe wa ukubwa wa ndimu kwenye pafu la kulia. Ilitakiwa sindano ndefu iingizwe kupitia kati ya mbavu, ikiongozwa na picha za mashine, ichukue vipande vidogo vya uvimbe huo vipelekwe maabara, ijulikane kama ni saratani au siyo. Mara mbili alilazwa kwa kazi hiyo, na mara mbili daktari alilazimika kuichomoa sindano haijafika, kwa kuwa mgonjwa alijikunyata wakati ule ule alipotakiwa kutulia. Mara zote mbili Redio alikuwa zamu ya eksirei, ghorofa ya chini.

Leo ilikuwa mara ya tatu, na ya mwisho. Chini ya yale maneno mekundu palikuwa na maagizo ya daktari wa kifua: ikishindikana tena, mgonjwa apelekwe kufunguliwa kifua. Redio alikitazama kipimo cha uzito, kilo arobaini na sita, akafunga faili. Mtu wa kilo hizo ukimfungua kifua, huna hakika ya kumrudisha kwake.

Akatoka kwenda kwenye benchi la ukumbini.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Baba Pacha. Alikuwa mwembamba, ana mikono mikubwa isiyolingana na mwili, kofia ameiweka gotini. "Wewe ndiye wa sindano?"

"Mimi ni wa picha. Wa sindano yuko ndani anajiandaa. Nimekuja tuongee."

"Tuongee!" Baba Pacha alimgeukia mkewe. "Mama Pacha, umesikia? Leo wanaongea."

Mkewe, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, hakucheka. "Mara ya kwanza walimwambia 'lala'. Mara ya pili wakamwambia 'lala vizuri'. Nilijua tukivumilia tutafika neno la tatu."

Redio alichuchumaa mbele yao, kwa kuwa hakupenda kumweleza mtu mambo akiwa amemsimamia kichwani. Akaanza mwanzo. Atalala chali. Atabandikwa kifuani karatasi yenye mistari inayoonekana kwenye picha. Picha ya kwanza itaonyesha ni mstari upi uko juu ya uvimbe, na mashine itapima ni kina gani kutoka ngozi mpaka pale, kwa milimita. Atachomwa ganzi, hiyo itauma kama kuumwa na siafu. Kisha sindano itaingia kidogo, picha. Kidogo tena, picha.

"Ngoja," Baba Pacha alimkatiza. Macho yalikuwa yamechangamka. "Kumbe mnapima kina kwanza, halafu ndiyo mnashuka? Na kila mkishuka mnapima tena?"

"Ndiyo, baba. Hatushuki kwa kubahatisha."

"Sasa hicho si kisima tu!" Akajipiga paja. "Miaka thelathini na moja nimechimba visima, binti. Mtu anayeshuka bila kupima namkataa kazini. Kumbe mnajua kazi. Mbona hamkusema?"

Redio aliona aibu isiyokuwa yake peke yake.

"Kuna ya kuogofya pia, nisikufiche," alisema. "Pafu ni kama mpira. Likitobolewa, hewa inaweza kuvuja kidogo nje yake, na mara chache inabidi tuweke mrija wa kuitoa. Unaweza kutema damu kidogo. Ndiyo maana tutakupiga eksirei baadaye na kukuangalia kwa muda wa saa nne kabla hujaondoka."

"Afadhali umesema," Mama Pacha alisema, sauti yake imepoa. "Yule mwingine alituletea kalamu tu. Weka sahihi hapa, hapa, na hapa."

"Na sisi tutakuwa nyuma ya kioo wakati wa kila picha," Redio aliendelea. "Nitakuona, nitakusikia. Nitakwambia kwenye kipaza sauti: vuta pumzi, shika..."

Baba Pacha aliachia kofia ikaanguka. "Ile sauti," alisema.

"Sauti gani, baba?"

"Ile ya juu." Alikuwa ameanza kujipapasa bega la kushoto. "Wanasema nikiisikia natikisika. Mimi najiona nimetulia. Tumebishana mpaka yule bwana wa saa akaniambia nimekuja kumpotezea muda."

"Hatikisiki," Mama Pacha alisema. "Anajibanza."

"Kujibanza vipi, mama?"

"Mwonyeshe bega, mzee."

Baba Pacha alifungua vifungo viwili. Juu ya bega palikuwa na kovu pana, limezama kama alama ya kijiko kwenye uji mzito. Mama Pacha ndiye aliyeeleza, kwa kuwa mwenyewe alikuwa ameinama. Mtu akiwa chini ya kisima, sauti ya mgeni kutoka juu ina maana moja tu: kuna kitu kinadondoka. Ndoo, jiwe, sururu. Hutazami juu, huulizi, unakusanya mabega na kujibanza ukutani. Siku alipopata kovu lile, mpita njia alipiga kelele, naye akainua uso aone ni nani. Tangu siku hiyo hakungoja tena kuona. Mwili wenyewe ulijifunza, na sasa hauhitaji ruhusa yake.

Redio aliokota kofia iliyoanguka, akamrudishia mzee gotini, akiwaza. Mara mbili mtu amelazwa ndani ya duara, sauti asiyoijua ikamshukia kutoka juu, akafanya kile kile kilichomweka hai kwa miaka thelathini na moja. Na sisi tukachukua kalamu nyekundu.

"Na nani alikuwa juu, mama, siku zote hizo? Nani alishika kamba?"

Mama Pacha alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza upande gani. "Nani tena? Mimi. Unafikiri haya mabega niliyapata kwa kusuka mikeka?"

"Na sauti yako akiisikia?"

"Nikisema tulia, anatulia hata kisima kiwe kinaungua."

Redio alisimama. "Nipeni dakika mbili," alisema, akaenda kugonga mlango wa mwenye saa mbili.

Mkuu wa kitengo alimsikiliza mpaka mwisho, jicho moja likiwa ukutani. "Ndugu wa mgonjwa haingii chumba cha kuendeshea mashine. Utaratibu."

"Utaratibu unakataza asiingie kwenye mionzi. Chumba cha kuendeshea kiko nyuma ya kioo kizito na mlango mzito, na sisi wenyewe tunakunywa chai humo. Nionyeshe ukurasa unaokataza, mkuu, niutie mdomo wangu kufuli."

"Redio, ukimwingiza huyu, kesho kila mgonjwa atataka mkewe."

"Tuna mashine inayoona ndani ya mfupa wa mtu," Redio alisema, na sauti ilianza kupanda licha ya juhudi zake, "na hatujawahi kumuuliza huyo mtu kwa nini anajikunyata. Mara mbili, mkuu! Mzee wa kilo arobaini na sita anapelekwa kupasuliwa kifua kwa sababu hakuna aliyemuuliza swali. Mimi sitakubali tena..."

"Mama aje."

Aliyesema hivyo alikuwa daktari wa sindano, amesimama mlangoni, mikono yenye glavu ameinua juu kama mtu aliyesalimu amri. Alikuwa mtu wa maneno machache mpaka wengine walidhani ana kiburi. "Nimechomoa sindano mbili bila kitu," alisema. "Sitaki kuchomoa ya tatu."

Mkuu alitazama saa ya ukutani, akatazama ya mkononi. Hazikumsaidia. "Dakika arobaini," alisema. "Na avae koti la wageni."

Walifanya mazoezi kwanza, mashine ikiwa imezimwa. Redio alisisitiza kwamba pumzi isiwe ya mpiga mbizi. Iwe ndogo, kama ya kunusa chai, na kila mara iwe sawa na ile ya kwanza, kwa sababu pafu likijaa zaidi uvimbe unahama na njia iliyopimwa inapotea. Alimpa mpira mdogo wa kubonyeza mkononi: akitaka kukohoa, akisikia maumivu, abonyeze, kazi itasimama. Baba Pacha aliukubali mpira kwa heshima, akaujaribu mara mbili kama mnunuzi.

Nyuma ya kioo, Mama Pacha aliketi mbele ya kipaza sauti, koti la wageni limemfika magotini. Redio akampa ishara.

"BABA PACHA!"

Daktari wa sindano aliruka. Kikombe cha chai cha mkuu, aliyekuja kusimama nyuma yao, kilimwagika.

"Mama, mama, si lazima upige kelele, hiki chenyewe kinasikia!"

"Samahani. Kisima chetu cha mwisho kilikuwa mita ishirini na mbili." Akasogea nyuma, akakohoa kidogo, na sauti iliyofuata ilikuwa nyingine kabisa, ya chini, isiyo na haraka. "Baba Pacha. Niko juu. Kamba ninayo. Tulia."

Redio alikuwa ameyakodolea macho mabega ya yule mzee. Yalishuka. Yalishuka yote mawili, polepole, mpaka yakakilalia kitanda.

"Vuta kidogo. Shika."

Pete ikavuma. Kwenye skrini mbavu zilijitokeza moja moja, kingo zake safi kama zilizochongwa, na uvimbe katikati, bila ukungu wowote. Mkuu wa kitengo, aliyekuwa akipangusa chai kwenye shati, aliacha kupangusa.

"Achia," alisema Mama Pacha, na mumewe akaachia.

Daktari aliingia, akachoma ganzi, akaingiza sindano kidogo, akatoka. Tulia, vuta, shika, picha. Akaingia tena. Safari ya tatu ncha ya sindano ilikuwa ukingoni mwa uvimbe, imebaki upana wa punje mbili za mchele, daktari akiwa ameishika, na hapo mpira ukabonyezwa. Taa ndogo ikawaka. Baba Pacha alikuwa amefumba macho, kifua kinamtetemeka. Kikohozi kilikuwa kinampanda, na kila mtu mle ndani alijua kikohozi wakati ule kinaweza kuchana pafu.

Daktari hakusogea. Redio alifungua mdomo, akaufunga, kwa kuwa aliona hapa si pake. Akausogeza mkono wa Mama Pacha kwenye kitufe cha kipaza sauti.

"Mzee wangu," Mama Pacha alisema. Sauti ilikuwa ile ile ya chini. "Meza mate. Ehe. Tena. Hakuna kinachodondoka. Niko hapa, nakuona kichwa. Hakuna kinachodondoka."

Kifua kilipanda, kikasita, kikashuka. Mzee alimeza mate mara moja zaidi. Kidole kikaachia mpira, na daktari akaisukuma sindano mpaka ndani ya uvimbe.

Mlio wa sindano ikikata kipande ulisikika mara tatu, ule ule Redio aliokuwa amemtajia kwenye mazoezi, kama wa mashine ya kubana karatasi. Daktari alitoka na kichupa, ndani yake vikielea vipande vitatu vyembamba kama nyuzi. "Vimetosha," alisema, akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona. Eksirei ya baadaye haikuonyesha hewa iliyovuja. Baba Pacha alilazwa kwa ubavu wa kulia kwa muda wa saa nne, na katika saa hizo aliwaeleza wauguzi wawili, hatua kwa hatua, jinsi sindano inavyopimiwa njia.

Majibu yalichukua siku tisa. Redio alikuwa anabadilisha shuka la mashine alipowaona mlangoni, wamevaa vizuri kama watu wanaokwenda kwenye shughuli, Mama Pacha ameshika karatasi kwa vidole viwili.

"Daktari wa kifua ametusomea," alisema. "Lakini amesoma kama anakimbizwa, na mengine ni maneno yao. Tumesema tuje kwako. Utueleze."

Redio alipokea karatasi. Alisoma mstari wa kwanza, akaruka mpaka wa mwisho, akarudi juu akasoma wote bila kuruka, kwa kuwa hakutaka kuwapa nusu ya habari. Kisha akawakalisha.

"Siyo saratani," alisema.

"Siyo ile?" aliuliza Mama Pacha.

"Siyo ile, mama."

"Sema tena."

"Siyo ile. Ni kifua kikuu. Kilijificha ndani ya pafu, ndiyo maana kwenye makohozi hakikuonekana. Vumbi la mawe la miaka yote hiyo ndilo lililokipa nafasi. Dawa zake ni vidonge vya miezi sita, kila siku bila kuruka hata kama ukijisikia mzima. Na nyote mnaoishi nyumba moja mje mpimwe, pacha na watoto wao."

Mama Pacha alivua viatu, kimoja baada ya kingine, akavipanga kando, akaweka nyayo zake kwenye sakafu ya baridi, na machozi yakamtoka bila kelele. Mumewe alimshika kiganja. "Sasa unalia nini? Si ulisema hakuna kinachodondoka?"

"Nilikuwa nabahatisha," alisema, akacheka huku analia. "Nilikuwa sioni chochote kwenye ile televisheni yenu."

Redio aliwaacha kidogo, akalichukua faili, akaenda kuliweka mezani kwa mkuu, limefunguliwa ukurasa wa tatu. Mkuu alikwisha kuzisikia habari. Alikaa akiyatazama yale maneno mekundu muda mrefu kuliko anaomruhusu mtu yeyote.

"Unataka niyafute?"

"Faili halifutwi, mkuu. Linapigwa mstari mmoja, linaandikwa ukweli, linatiwa sahihi. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Alipiga mstari. Akafikiri. Chini yake akaandika, kwa wino wa bluu safari hii: "Mgonjwa hakuulizwa." Akatia sahihi na tarehe. "Hizo dakika zako nne," alisema bila kuinua uso, "nitaziweka kwenye ratiba. Kwa wagonjwa wote. Zamu zote."

"Tano, mkuu. Wengine wana maswali."

"Redio!"

"Haya, nimezima."

Aliporudi, Baba Pacha na mkewe walikuwa wameshaufikia mwisho wa ukumbi, wanatembea polepole bega kwa bega. Kofia ilikuwa imebaki kwenye benchi. Redio aliiokota na, kwa furaha iliyomsahaulisha yote aliyojifunza, akapaza sauti: "Baba Pacha!"

Mzee alikusanya mabega, akaruka kando akajibanza ukutani, amefumba macho.

Mama Pacha hata hakugeuka. "Hakuna kinachodondoka, mzee," alisema, akiendelea na safari yake. "Umesahau kofia."